Tuliwachimbia Barabara

Majina yao siyaandiki. Si kwamba naogopa. Nimeogopa vya kutosha mpaka woga ukaisha. Ni kwamba jina la mtu hupewa na mama yake, na mama wa mmoja wao ndiye niliyemwogesha kwa mikono yangu miaka mingi, kwa hivyo jina alilompa mwanawe silitii matope. Kazi zao ndizo nitazitaja. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mwenyekiti wa kamati ya kijiji. Halafu sabu-chifu wetu. Halafu mchungaji. Halafu yule mtu wa kampuni wa kofia nyeupe ngumu, aliyekuwa akituita "wazazi wangu" na mimi ningeweza tu kuwa dada yake. Hao wanne hawatoshi kujaza kiti kimoja cha kanisa, lakini walitosha kutumaliza.

Shule niliachia darasa la sita, mwaka ule ukame ulimaliza mbuzi wa karo. Mtu asitafute humu Kiswahili cha redioni.

Boma letu liko upande wa Ikutha, mbali kidogo na soko. Upande jua linakotokea kuna mgongo wa kilima, na juu ya mgongo huo kulikuwa na mwamba bapa, mpana kama kiwanja cha kanisa. Mwamba haukuwa wa mtu. Ndengu zikishakauka, wanawake wa pande zote mbili za kilima tulizipandisha kwa punda na kwa mgongo mpaka pale, tukazipiga kwa fimbo, tukazipepeta. Upepo wa pale haukuwa wa kubahatisha. Huku chini unaweza kushinda asubuhi nzima na ungo mkononi, hewa imesimama kama ng'ombe aliyekataa kulima, na makapi yanakurudia machoni. Kule juu unainua ungo tu, makapi yanaenda zao Makueni.

Mkubwa wa mwamba ule alikuwa mama mkwe wangu. Nilimwita mwaitu, yaani mama yangu, vile mume wangu alivyomwita, na mume wangu alipofariki nikaendelea. Macho yake yalikwisha zamani, yakafunikwa na utando mweupe, na alipopelekwa kwa daktari aliambiwa amechelewa. Lakini alipepeta. Alikaa akisikiliza. Ndengu zenye makapi zikianguka kwenye turubai, alisema, zinanong'ona. Zikiwa safi zinalia kama mvua ya kwanza kwenye mabati. "Hizi bado," anasema, anazirudisha kwa ungo. Sisi wenye macho ndio tuliompelekea zetu azimalizie.

Boma lote alilitembea kwa masikio. Jiko liko pale bati lililolegea linapogongagonga. Zizi liko kwenye kengele za mbuzi. Choo kiko nyuma ya mgunga ambao maganda yake yakikauka yanachezacheza kama kayamba. Mtu akikanyaga njia ya kuingia kwetu, mwaitu alimtaja kabla mbwa hajabweka. Hakuwa na haja ya fimbo wala ya kushikwa mkono, na ukimshika alikutoa. Kitu kimoja tu alitaka duniani: aishi kwenye boma lile mpaka siku yake, halafu alazwe nyuma ya nyumba kando ya mzee wake. Hakuomba kingine. Hata kanisani, watu wakiomba magari na visa, yeye aliomba hicho.

Yule wa kofia nyeupe alitukuta mwambani siku moja ya Julai, tumejifunga leso vichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Akauliza kwa adabu sana.

"Wazazi wangu, huu upepo huwa hivi kila siku?"

Tukacheka. Mwenzetu mmoja akamwambia, "Huu ni upepo? Huu umelala. Kaa mpaka saa kumi uone, hiyo kofia utaifuata Makueni."

Basi tukamwambia yote. Miezi gani unavuma, saa gani unakaza, upande gani wa mwamba unapiga bila kugeukageuka. Tulijivunia kama watu wanaosifu ng'ombe wao mbele ya mnunuzi. Mwaitu peke yake ndiye aliyeuliza.

"Kijana, na wewe una ndengu?"

"Hapana, susu," akamwita kama bibi yake, "sina."

"Sasa upepo unautakia nini?"

Akacheka, akamshika bega. Mwaitu akaondoa bega. Muda si mrefu ukasimamishwa mlingoti mwembamba wa chuma pale kando ya mwamba, una vikombe vidogo vinazunguka juu. Tuliambiwa ni wa kupima hewa. Tukafikiri ni mambo ya mvua, serikali ina vitu vyake.

Sasa nifike kwa barabara, na hapa ndipo huwa natema mate.

Mwethya mtu asiye Mkamba anaweza kuuona kama kazi ya bure. Si ya bure. Leo tunachimba matuta kwangu, kesho kwako, kesho kutwa tunasomba mchanga wa darasa la shule. Filimbi ikilia unabeba jembe unaenda, na huulizi kazi ni ya nani. Kuuliza ni aibu, ni kama mgeni kuuliza kuku aliyechinjiwa alinunuliwa pesa ngapi. Asiyetokea anajulikana, na siku atakayofiwa atajua kaburi ni refu kiasi gani kwa mtu mmoja. Ndivyo tulivyoibembeleza nchi hii kavu mpaka ikatulisha. Mtu wa kampuni hangejua hayo. Alihitaji mtu wa kwetu wa kumwambia, na huyo mtu alinyonya titi la mwaitu.

Shemeji alipuliza filimbi akasimama juu ya kichuguu.

"Mama zetu wameteseka na magunia mgongoni," akasema. "Tunafungua njia ya kwenda mwambani. Punda ipite, boda ipite, hata mkokoteni upite."

Nani angekataa? Tulitoka wote, majembe, sururu, karai. Tulikata miiba, tuling'oa mawe, tukajaza makorongo. Wanaume walibingirisha majabali wakiyatukana kama wake wenza. Mwaitu alikaa na wapishi chini ya kilima akikoroga muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, na kazi ilipokaribia kwisha akaomba apelekwe aione. Kuona kwake ni kuikanyaga. Alitoka ukingo mmoja akatembea mpaka ukingo wa pili, akasimama, akarudi tena polepole.

"Wewe mwanangu," akamwita shemeji, "punda wa siku hizi wana upana gani?"

Watu walicheka mpaka majembe yakaanguka. Shemeji alicheka kuliko wote.

"Mwaitu, tunafikiria mbele. Hata gari la wagonjwa lipite."

"Na mgonjwa wa mwambani ni nani?"

Kofia nyeupe alikuwa pembeni na simu yake anatupiga video. Tulikuwa tunaimba, vile watu wa mwethya huimba ili mkono usisahau kupanda na kushuka. "Imbeni tena, wazazi wangu," akasema, "hapo mwisho sikushika vizuri." Tukamwimbia tena. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo, sauti ninayo.

Baada ya barabara ilikuja sherehe. Shemeji alifika kwangu asubuhi akiwa amevaa koti.

"Shemeji, kuna wageni wa maana leo. Nimeona beberu lako limenona."

"Limenona kwa sababu halijaliwa."

"Usiwe hivyo. Ni heshima ya kijiji."

Akalifungua mwenyewe. Nilimwacha kwa sababu ya mwaitu aliyekuwa amekaa mlangoni, sikutaka asikie mwanawe anagombana na mimi juu ya mbuzi. Yaliliwa juu ya mwamba, lile langu na mengine. Mchungaji alihubiri kwamba Roho alishuka kwa sauti ya upepo, na kwa hivyo anayepinga upepo ajiulize anapigana na nani. Alihubiri hivyo mafuta yakiwa bado yanang'aa kidevuni. Sabu-chifu alisema amina kabla ya maombi kuanza, alikuwa na haraka ya mbavu. Walipoondoka nilipanda kule na majirani wawili. Pale tulipokuwa tukitandaza chakula cha watoto wetu palikuwa na mifupa, chupa za soda, na mtu alikuwa amejisaidia kwenye ufa ambao tulikuwa tukiweka mitungi ya maji ya kunywa. Tulifagia. Hatukujua tunafagia maiti.

Walilipua mwamba wiki zilizofuata. Kwanza vilikuja ving'ora, halafu ardhi ikaruka, halafu vumbi likashuka juu ya nyumba kama unga wa posho. Pale ulipokuwa mwamba wakachimba shimo wakalijaza saruji na vyuma. Halafu yakaja malori kwenye barabara yetu, yamebeba mabawa ya mitambo ya umeme wa upepo. Sijawahi kuona kitu kirefu namna ile kikitembea. Kichwa cha lori kimeshapinda kona, mkia bado uko chini kwa duka. Barabara iliyatosha vizuri. Tulikuwa tumeifanya kazi nzuri.

Ndipo watu wakafunguka macho, tukaenda kwa baraza. Sabu-chifu alikaa kwenye kivuli cha hema, sisi kwenye jua. Mzee mmoja akasimama akasema hatukuambiwa, mwamba ulikuwa wa wote, hakuna aliyekubali.

"Ngoja kwanza," sabu-chifu akasema. "Barabara ya kwenda juu ilichimbwa na nani?"

Mzee akakaa.

"Si ninauliza? Ni katapila ya kampuni ilichimba?"

"Ni sisi," mtu akajibu kutoka nyuma.

"Ni nyinyi. Mlilipwa?"

"Ilikuwa mwethya."

"Mwethya. Kwa hivyo mlijitolea." Akageukia wageni wake akatabasamu, kama mwalimu ambaye mtoto mjinga amejibu vizuri. "Na mliimba. Video iko. Mtu akilazimishwa huimba?"

Shemeji alikuwa amekaa kando yake, anaangalia viatu vyake vipya. Nilisimama nikasema filimbi ilipigwa na nani na kwa maneno gani. Sabu-chifu akaniambia, "Mama, mambo ya familia yenu malizeni nyumbani." Watu wengine wakacheka. Watu wa kwetu, niliowachimbia matuta, walicheka. Kutoka siku hiyo nikajua kwamba ukiuzwa na ndugu yako, jirani haji kukusaidia, anakuja kutazama.

Mitambo ilipoanza kuzunguka, wa kwanza kuteseka walikuwa kuku. Jua likitokea nyuma ya kilima, kivuli cha mabawa kinapita juu ya uwanja wetu, kinapita, kinapita. Kuku anajua kivuli kinachopita ni mwewe. Mitetea ilipiga kelele ya hatari, vifaranga vikakimbilia chini ya ghala, na huko vikakaa asubuhi yote. Kesho yake tena. Hakuna kuku wa kumwambia kwamba huyo mwewe hatashuka. Waliacha kutaga. Wengine walidhoofika wakafa chini ya ghala pale pale, nikawa nawatoa kwa fimbo, wamekauka, wanabubujika chawa. Nilimpelekea mchungaji kuku mmoja kwa mfuko, nikamwambia huyu naye amepigana na Roho. Hakuniangalia tena usoni.

Halafu ile sauti. Watu wa mbali huuliza, "Kwani inalia sana?" Hailii sana. Ingelia sana mtu angeizoea au angehama. Ni vuu, halafu vuu, halafu vuu, na chini yake kuna mngurumo mwingine mdogo usioisha, unaoingia kwenye kitanda na kwenye meno. Siku ya kwanza mwaitu aligeuza shingo akasikiliza kwa muda mrefu.

"Nani anapepeta ungo mtupu huko juu?" akauliza.

"Ni ile mitambo, mwaitu."

"Mwambieni apumzike."

Kampuni ilileta zawadi. Kila boma lilipewa taa ndogo ya sola ya kuning'iniza. Nawaza mpaka leo: watu wanaotengeneza umeme juu ya paa langu, nyaya zinapita kichwani kwangu kwenda kwa watu wa mbali, wananiletea tochi. Na tulitakiwa tupige makofi, na tulipiga. Shemeji naye alijenga Ikutha sokoni, ambako hakuna kinachosikika ila muziki wa kinyozi.

Nilienda ofisi yao ya mabati mara nyingi mpaka mlinzi akanizoea. Mwishowe kofia nyeupe akaja nyumbani na kifaa kidogo chenye pamba nyeusi juu. Alichagua siku ambayo hewa ilikuwa imetulia. Akakisimamisha uwanjani, akakiangalia, akafurahi.

"Iko sawa kabisa, mzazi wangu. Ni kama friji tu."

"Mimi friji sijawahi kulala nayo."

"Ni kitu kidogo. Utazoea."

"Na huyu?" nikamwonyesha mwaitu kwenye mkeka. "Huyu ambaye sikio ndilo jicho lake?"

Akamwangalia vile mtu anavyoangalia kiatu kilichobaki kimoja. Akasema kuna mpango wa kusaidia wasiojiweza, tuongee na mwenyekiti. Mwenyekiti ni mwanawe! Nikacheka kwa uchungu, naye akafikiri nimefurahi, akacheka pia.

Mwaitu alikuwa ameanza kupotea. Aliposimama mlangoni aende jikoni, hakulisikia tena lile bati. Maganda ya mgunga, kengele za mbuzi, vyote vilikuwa vimefunikwa na blanketi moja. Alisimama, anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta nzi, halafu anabahatisha. Alijigonga ukutani, aliingia zizini akidhani ni choo. Wageni walimkuta mlangoni wakamgusa, akaruka. Mtu ambaye alitaja watu kabla ya mbwa, sasa alikuwa anashtuliwa na watoto.

Jioni moja nilikuwa nachota maji, nikarudi nikakuta mkeka mtupu. Nilimpata barabarani, ile yetu, katikati kabisa. Gari la kampuni lilikuwa limesimama mbele yake karibu limguse, vumbi bado linapanda, dereva ametoa kichwa nje.

"Nyinyi watu mnaachaje wazee wanazurura!" akafoka. "Ningemuua mimi nifungwe?"

Mwaitu alikuwa ameshika sufuria tupu. Alikuwa anaenda jikoni.

Shemeji aliletwa na hiyo habari kabla ya jua kuzama. Huyu ambaye beberu langu halikumrudisha, wala kuku waliokufa, alikuja mbio. Alisimama uwanjani akasema kwa sauti, ili na majirani wasikie, "Mwaitu akili imeisha. Huu ni uzee. Mnasingizia mitambo bure."

"Akili iko," mwaitu akamjibu. "Jiko ndilo limepotea."

Nilisokota kamba ya mkonge, nikaifunga kwenye mwimo wa mlango, nikaipeleka mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka chooni. Nilifikiri nimefanya jambo la akili. Aliishika akaenda nayo, mkono juu ya mkono. Alienda nayo kwa miezi. Mikono yake ilipata malengelenge kisha sugu. Jirani alipopita alisema, "Aa, sasa susu ana reli yake." Mwaitu hakucheka. Alikuwa ameacha kucheka, na maneno pia yalimpungukia, kwa sababu ukimsemesha ukiwa hatua chache alikuwa anauliza, "Ati?" na kuuliza "ati" kulimtia aibu.

Halafu asubuhi moja, nakamua mbuzi, akaniita kutoka kwenye ile kamba.

"Mbuzi nimewafunga maisha yangu yote," akasema. "Sikuwa najua wanaonaje."

Nikaacha kukamua.

"Mwite huyo wa sokoni. Mwambie aje na gari."

"Mwaitu, hicho ndicho wanachotaka. Ukitoka hapa wameshinda."

"Washinde. Mimi nataka kumsikia mtu akinisemesha."

Nilimbembeleza. Nilimkumbusha mzee wake amelala wapi. Aliniambia ninyamaze, si kwa ukali, na hilo ndilo liliniumiza. Shemeji alifika na gari siku ile ile, upesi kuliko alivyowahi kuja kwa ugonjwa wowote. Alikuwa tayari amepewa na kampuni chumba cha kumweka, Makindu, nyuma ya maduka ya barabara kuu. Alimbeba mama yake mpaka kwenye kiti cha mbele kwa upole mkubwa, na mimi niliuona ule upole. Binamu yake mmoja msichana, anayeuza nguo huko, ndiye angekuwa anamtazama. Mimi nilibaki. Boma likibaki tupu ni mali ya yeyote mwenye kamati.

Nilichelewa kwenda kumwona, nikiogopa. Makindu! Malori ya Mombasa usiku na mchana, honi, mabasi, wachuuzi. Nilijiambia nitamkuta amekunjamana kitandani. Nilishuka karibu na hekalu la Kalasinga wanakolisha wasafiri, nikauliza njia, nikaingia kwenye uchochoro.

"Umekuja na viatu vipya," akasema kabla sijafika mlangoni.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani. Wanawake wa ploti walikuwa wanamletea ndengu za kusafisha. Amenenepa kidogo. Nilikaa chini nikalia, naye akaniacha nimalize.

"Malori hayakusumbui, mwaitu?"

"Lori likija nalisikia likija. Likienda nalisikia likienda. Katikati hapo kuna nafasi. Nasikia mtoto wa jirani. Nasikia mama wa mahindi akipuliza makaa." Akapepeta kidogo, akasikiliza. "Kile kitu cha kule hakiendi mahali."

Shemeji alikuwa hapo pia, alikuja kwa ajili yangu, nafikiri. Alinunua soda akazipanga mezani. Tulikunywa. Nikaanza kumpa mwaitu habari za boma, mvua, mbuzi aliyezaa mapacha. Akanikatiza.

"Nikifa msinirudishe kule."

Nilifikiri nimesikia vibaya. "Mwaitu, nafasi yako ipo. Kando ya mzee."

"Najua iko wapi. Mzee alilazwa palipokuwa na kimya. Mimi mnataka mnilaze chini ya ule ungo mtupu, nisikilize mpaka Yesu arudi? Nizikeni hapa hapa, kwenye makaburi ya wasio na kwao. Huko hawapepeti."

Kwetu sisi, mtu kuzikwa kwenye makaburi ya mji ni kwamba hakuwa na mtu. Watoto hutishiwa nayo. Mwanamke mwenye boma, mwenye mume chini ya udongo wake, aliyezaa hapo, kupura hapo, anaomba azikwe kama mwizi aliyeokotwa. Nilimwangalia shemeji nione kama atasema kitu. Uso wake haukuwa na huzuni. Mabega yalikuwa yameshuka, akatoa pumzi ndefu.

Mama yake akageuza kichwa upande wake.

"Na wewe usipumue hivyo," akasema, "kama mtu aliyetua gunia."

Shemeji akanyanyua soda akakuta imeisha. Mama wa mahindi akapita kuchukua ndengu zake. Nilipoondoka alinifuata mpaka barabarani.

"Shemeji, umesikia mwenyewe. Si mimi nimesema."

"Nimesikia ulivyopumua," nikamwambia, nikapanda gari la Kibwezi.

Hakungoja hata wiki mbili. Alikuja na sabu-chifu na vijana wawili wa kampuni, wamebeba mzigo wa vigingi vyenye rangi nyekundu kichwani. Kuna mtambo mwingine unakuja, upande wetu huu wa chini, na nyaya zake zipite nyuma ya nyumba.

"Mama mwenye boma mwenyewe amesema harudi," sabu-chifu akasema. "Wala maiti. Sasa wewe unashikilia nini?"

"Nashikilia kaburi la mume wangu na la baba yake."

"Makaburi yanahamishwa. Kampuni itagharamia, na mchungaji ataombea."

Nilikaa kwenye kigoda nikawatazama wakigongelea. Walianzia barabarani wakaja mstari mmoja mpaka nyuma, kigingi kimoja miguuni pa mzee, kingine kati ya mzee na mume wangu, pale palipokuwa pa mwaitu. Shemeji hakugeuza uso. Alishika mwisho wa utepe wa kupimia, amekanyaga udongo wa baba yake kwa viatu vya ngozi, akisema, "Vuta kidogo. Hapo. Hapo sawa." Vijana walipomaliza waliomba maji, nikawapa, mtu hanyimwi maji. Shemeji akanyoosha mkono naye apewe. Nikamwaga yaliyobaki.

Walipoondoka nilizunguka nikaving'oa vyote, kimoja kimoja, nikaanza na kile cha kwa mwaitu. Ni mbao nzuri, kavu, haina fundo. Isyo ya mahindi na maharagwe hutaka moto wa muda mrefu, na kuni za kwetu ziko mbali siku hizi. Niliteleka jioni ile ile. Rangi nyekundu hutoa moshi mbaya mwanzoni, halafu inaisha, moto unashika.

Wameshaleta vingine mara mbili. Mahindi na maharagwe bado ninayo.